Presha ya mama iko juu kliniki na iko sawa nyumbani: tuamini kipimo kipi?

#1 Binti wa Kwanza

Habari zenu wanajamvi. Mama yangu ana umri wa miaka 62 na anatumia amlodipini, dawa ya presha, miligramu 5 kila siku. Kila anapokwenda kliniki presha yake husoma 158/94 au karibu na hapo, lakini nyumbani, kwa mashine ya betri inayofungwa juu ya kiwiko, tunapata 132/80, 129/78, 134/82. Daktari ameshauri aongezewe dawa ya pili. Mama amekataa, anasema presha anayoishi nayo ni ile ya nyumbani, na hawezi kumeza kidonge kwa ajili ya namba inayoonekana kliniki tu. Daktari naye anasema mashine za nyumbani hazina uhakika. Mimi ndiye ninayeandika vipimo daftarini, na sijui nisimame upande gani. Je, kipimo kipi ndicho cha kuaminiwa, na inakuwaje mtu mmoja awe na presha mbili?

#2 Msomi wa Usiku

Pole kwa kumuuguza mama, dada. Presha haitulii mahali pamoja. Hubadilika kwa kila pigo la moyo, hushuka mtu anapolala, na hupanda anapopanda ngazi, anapobanwa na mkojo au anapomwona mtu aliyevaa koti jeupe. Hali hiyo ya mwisho inafahamika vyema katika tiba na huitwa presha ya koti jeupe. Ndiyo maana miongozo mingi haina mpaka mmoja: kliniki mpaka ni 140/90, kwa wastani wa vipimo vya nyumbani ni 135/85, na kwa mashine inayovaliwa saa 24 ni wastani wa 130/80. Kwa namba ulizoandika, mama yuko chini ya mpaka wa nyumbani na juu ya mpaka wa kliniki. Kwa mtazamo wangu tatizo ni hofu ya kliniki, wala si upungufu wa dawa.

#3 Mzee Tumaini

Nakuunga mkono, Msomi. Presha ni mawazo. Mimi yangu ilianza kupanda mwaka niliostaafu, nilipokuwa na madeni na mgogoro wa mirathi, na ilipungua mambo yalipotulia. Mama apewe utulivu kwanza, vidonge vifuate baadaye.

#4 Muuguzi Mstaafu

Shikamoo Mzee Tumaini. Naomba kutofautiana na wewe na Msomi kwa pamoja, kwa sababu mmemtwika mama hofu kabla ya kuuliza alipimwaje.

Nimefanya kazi ya kupima presha karibu maisha yangu yote ya kazi, na kipimo kibaya ninakijua kwa kukiangalia. Mgonjwa anaitwa kutoka foleni, anaketi kwenye kigoda kisicho na egemeo, miguu inaning'inia au amekunja nne. Sweta linasukumwa juu mpaka linabana mkono kama kamba, au mkanda unafungwa juu ya sweta lenyewe. Mkono haukuwekwa juu ya meza, unaning'inia ubavuni. Mkanda unaanza kujaa hewa, na papo hapo muuguzi anauliza, "Leo umemeza dawa? Miguu inavimba?" na mgonjwa anajibu kwa kirefu. Kila kimoja kati ya hivyo kinapandisha namba: mkanda mdogo kwa mkono mnene, mkono ulio chini ya usawa wa moyo, miguu iliyopishana, kibofu kilichojaa, na mazungumzo. Vikikutana vitatu au vinne, tofauti ya milimita 20 za zebaki (kizio cha namba hizi za presha) haishangazi hata kidogo, na hapo woga haujaingia.

Kipimo kinachofaa ni hiki. Mgonjwa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, mkono uko wazi na umelazwa juu ya meza kwa usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya hapo asivute sigara, asinywe kahawa wala asifanye mazoezi. Apime mara mbili, akipumzika dakika moja katikati. Nyumbani afanye hivyo asubuhi kabla ya dawa, na jioni, kwa siku saba. Vipimo vya siku ya kwanza viachwe na vilivyobaki vitafutiwe wastani. Dada, je, ndivyo mnavyofanya? Na kliniki anapimwaje?

#5 Kijana wa Maabara

Naongeza swali moja. Mashine yenu imewahi kulinganishwa na ya kliniki? Ichukueni siku ya miadi, mama apimwe kwa zote mbili akiwa kwenye kiti kilekile. Mashine za kufunga juu ya kiwiko kwa ujumla ni bora kuliko zile za kwenye kifundo cha mkono, lakini si kila aina imethibitishwa kwa vigezo vya kitabibu. Mtu mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio anaweza pia kupewa namba za kupotosha na mashine yoyote ya kielektroniki.

#6 Mdadisi

Ninyi mnabishana kuhusu mkanda, mimi nina shaka na mpaka wenyewe. Nani aliamua kwamba 139 ni mzima na 141 ni mgonjwa? Mwaka 2017 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vilishusha mpaka kutoka 140/90 hadi 130/80, na mamilioni ya watu waliolala wakiwa wazima wakaamka wakiwa wagonjwa. Mwenye kufaidika na mabadiliko hayo ni anayeuza dawa. Mama ana haki ya kukataa.

#7 Msomi wa Usiku

Mdadisi, kuhusu mpaka una sehemu ya ukweli, ila hitimisho lako silikubali. Katika mwili hakuna mstari kati ya presha nzuri na mbaya. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliojumuisha watu wazima wapatao milioni moja kutoka tafiti 61, ulionyesha kwamba kwa watu wa miaka 40 hadi 69 hatari ya kufa kwa kiharusi au ugonjwa wa moyo huongezeka takriban maradufu kwa kila milimita 20 za presha ya juu (namba ya kwanza) au 10 za presha ya chini (namba ya pili), kuanzia 115/75. Mstari huchorwa na wanadamu kwa sababu daktari lazima aamue ni wapi faida ya dawa inazidi madhara na usumbufu wake. Kwa hiyo miongozo inatofautiana: Marekani imeshika 130/80, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2021, linashauri dawa zianze kuanzia 140/90 kwa watu wengi na mapema zaidi kwa walio na ugonjwa wa moyo, na Ulaya mwaka 2024 imebakiza 140/90 lakini ikaweka kundi jipya la presha iliyoinuka chini ya hapo.

Usisahau pia hali ilivyokuwa zamani, kupanda kwa presha kulipohesabiwa kuwa sehemu ya uzee. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikufa tarehe 12 Aprili 1945 kwa damu kuvujia ubongoni, na presha yake siku hiyo ilipimwa 300/190. Alihudumiwa na madaktari miaka yote hiyo, ila hawakuwa na dawa ya maana ya kumpa. Dawa tunazozitilia shaka leo ndizo zilizobadilisha hali hiyo.

#8 Fundi Saa

Kisa changu ni kinyume cha mama wa mleta uzi, na ninakileta ili mtu asidhani kwamba tofauti kati ya kliniki na nyumbani siku zote ni ya kheri. Mimi kliniki nilikuwa napimwa 128/80 na kupongezwa. Mke wangu ndiye aliyelalamika kwamba ninakoroma, kisha kimya kinaingia kana kwamba nimeacha kupumua, halafu ninashtuka nikivuta pumzi kwa nguvu. Daktari alinivalisha mashine ya saa 24, ikaonekana kwamba usiku presha yangu haikushuka; ilikuwa juu kuliko ya mchana. Kwa kawaida inatakiwa ishuke asilimia 10 hadi 20 mtu anapolala. Presha ya namna yangu, iliyo sawa kliniki na juu kwingine, wanaiita presha iliyojificha, na ni ya hatari kuliko ile ya koti jeupe kwa sababu hakuna anayeitafuta. Dada, mama anakoroma?

#9 Mzee Tumaini

Fundi, umenitia wasiwasi, kwa maana ninakoroma na jirani ni shahidi. Lakini mimi presha yangu ikipanda ninaijua: kisogo kinauma na macho yanakuwa mazito. Sihitaji mashine.

#10 Muuguzi Mstaafu

Mzee wangu, tafadhali usiitegemee kisogo chako. Nimewapima watu wenye 190/110 waliokuja kliniki kwa sababu ya jino, wakicheka na kupiga soga, na nimewapima wenye kisogo kinachouma wakiwa na 118/76. Presha kwa kawaida haina dalili mpaka iwe imeharibu moyo, figo, macho au ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wenye presha hawajui kwamba wanayo. Wanaosubiri kichwa kiume ni sehemu kubwa ya hao. Na kuhusu kukoroma, mweleze daktari wako. Kukosa pumzi usingizini ni miongoni mwa sababu za presha kukataa kushuka hata kwa dawa tatu.

#11 Mama Watatu

Mabandiko kumi yamepita na hakuna aliyetaja chumvi! Nyumbani mama yenu anapikiwa na watu wanaomjali, kwa hiyo chumvi ni ndogo. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichwa katika vyakula vya viwandani. Nchini China ulifanyika utafiti katika vijiji 600, ukihusisha watu wapatao 21,000, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida na nusu vikapewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba viharusi vilipungua kwa asilimia 14, kwa kubadilisha chumvi tu.

#12 Mdadisi

Chumvi haielezi kwa nini mama huyohuyo, kwa jiko hilohilo, awe na namba mbili kwa juma moja. Halafu si kila mwili unaitikia chumvi kwa namna moja. Baba yangu aliacha chumvi kabisa na presha yake haikuyumba, ilhali kaka yake alishuka sana kwa kupunguza kidogo.

#13 Mfamasia Mtulivu

Mama Watatu amesema kweli kuhusu utafiti huo, ila tahadhari ni lazima iandikwe: chumvi yenye potasiamu haiwafai watu wenye ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za presha kama enalaprili, losartani au spironolaktoni asiianze bila kupimwa damu, kwa sababu potasiamu ikizidi mwilini inaweza kusimamisha moyo.

Sasa nina swali kwa mleta uzi ambalo kwangu lina uzito kuliko chumvi na woga. Mama anatumia dawa za maumivu? Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzuia chumvi na maji kutoka mwilini na huweza kupandisha presha. Dawa za mafua zinazozibua pua, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na prednisoloni nazo huweza kuipandisha. Wagonjwa wengi hawazitaji wanapoulizwa dawa wanazotumia, kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa za kudumu.

#14 Binti wa Kwanza

Asanteni sana nyote. Nimemuuliza mama na majibu yake yamenishangaza. Ana maumivu ya magoti, na siku ya kliniki humeza diklofenaki asubuhi ili aweze kutembea na kukaa kwenye foleni. Siku za kawaida haimezi. Zaidi ya hayo, siku ya kliniki huwa hamezi amlodipini, kwa sababu huambiwa asile kitu kabla ya kipimo cha damu, naye anaona kidonge na chakula ni kitu kimoja. Kukoroma anakoroma kidogo, ila hashtuki. Kuhusu namna ya kupimwa, Muuguzi ni kana kwamba ulikuwapo: kigoda hakina egemeo, na maswali huulizwa mkanda ukiwa unajaa.

#15 Kijana wa Maabara

Basi jawabu limepatikana. Hajameza dawa, presha imepanda. Tufunge uzi.

#16 Mfamasia Mtulivu

Usiufunge bado, Kijana. Amlodipini hutoka mwilini polepole sana. Inachukua saa 30 hadi 50 kiwango chake katika damu kupungua kwa nusu. Kuchelewesha kidonge kimoja kwa saa chache hakuwezi kueleza tofauti ya milimita 25. Ingekuwa dawa ya muda mfupi kama kaptoprili, ningekubaliana nawe. Hata hivyo mama aelezwe kwamba kufunga kwa ajili ya kipimo cha damu kwa kawaida hakumzuii kumeza kidonge cha presha kwa maji kidogo, ila athibitishe na kliniki yake.

Diklofenaki nayo nisiipe lawama yote, kwa maana amlodipini haivurugwi nayo sana kama zinavyovurugwa enalaprili, losartani na dawa za kuongeza mkojo. Ila hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo: ikiwa dawa ya pili anayotaka kupewa ni mojawapo ya hizo, na hakuna anayejua kuhusu diklofenaki, figo za mama zitaingia hatarini, hasa zikikutana tatu, yaani losartani au enalaprili, dawa ya mkojo, na dawa hiyo ya maumivu. Kabla ya miadi ijayo daktari lazima ajue. Parasetamoli au dawa ya kupaka gotini zinaweza kujadiliwa.

#17 Subira Njema

Samahani kwa kuingilia. Mimi pia niko kwenye amlodipini na miguu imevimba kwenye vifundo, soksi zinaacha alama. Nimeambiwa nimeze dawa usiku badala ya asubuhi na uvimbe utakwisha, na tena kwamba usiku dawa hufanya kazi vizuri zaidi. Ni kweli?

#18 Mfamasia Mtulivu

Pole, Subira. Kuhusu saa ya kumeza, mwaka 2019 ulitolewa utafiti kutoka Hispania uliodai kwamba dawa za usiku huokoa maisha kwa kiasi kikubwa mno, na watu wengi wakabadili ratiba. Baadaye utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu zaidi ya 21,000, uliotolewa mwaka 2022, haukuona tofauti yoyote ya maana kati ya asubuhi na usiku katika kuzuia kiharusi au shambulio la moyo. Kwa hiyo meza saa ambayo hutasahau. Uvimbe wako unatokana na mishipa midogo iliyopanuka kuachia maji kwenye tishu, na ndiyo sababu dawa za kuongeza mkojo haziusaidii sana. Daktari anaweza kupunguza dozi, au kuongeza dawa ya kundi la losartani au enalaprili, ambayo mara nyingi hupunguza uvimbe huo. Usiache dawa kimyakimya.

#19 Mzee Tumaini

Enalaprili ilinipa kikohozi kikavu kisichoisha, nikadhani nina kifua kikuu. Nilipobadilishiwa losartani kikaondoka. Lakini narudi kwenye hoja yangu ya awali, ambayo mmeiruka: kama presha si mawazo, nini basi kinaianzisha? Hakuna aliyejibu.

#20 Msomi wa Usiku

Mzee, umeuliza swali ambalo wataalamu hawajakubaliana. Kwa wagonjwa walio wengi sana hakuna chanzo kimoja kinachoonekana, na kuna maelezo makubwa yanayoshindana.

La kwanza linashika figo. Mwanafiziolojia Arthur Guyton wa Marekani alishikilia kwamba presha haiwezi kubaki juu kwa muda mrefu isipokuwa figo zimekubali, kwa sababu figo nzima ikisukumwa na presha kubwa hutoa chumvi na maji mpaka presha ishuke. Panya wazima wakipandikizwa figo kutoka kwa panya wenye presha, presha yao hupanda. Mimi nina imani zaidi na maelezo haya. La pili linashika neva zinazouweka mwili katika hali ya tahadhari, na hapo ndipo mawazo yako, Mzee, yanapata nafasi. La tatu linasema ni ukuta wa ateri. Kadiri umri unavyosogea, ateri kubwa hukakamaa na kushindwa kupokea pigo la moyo kwa ulaini, kwa hiyo namba ya juu hupanda na ya chini huanza kushuka baada ya miaka 50 au 60. Zipo pia tezi zilizo juu ya figo, ambazo zikitoa homoni ya aldosteroni kupita kiasi mwili hushikilia chumvi. Jerome Conn aliueleza ugonjwa huo mwaka 1955, na sasa inaonekana kwamba ni wa kawaida kuliko ilivyodhaniwa.

#21 Mdadisi

Nakupinga kwenye figo. Kama figo ndizo bwana wa kila kitu, kwa nini kuunguza neva zinazokwenda kwenye figo, bila kuzigusa figo zenyewe, kunashusha presha? Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2023.

#22 Msomi wa Usiku

Neva hizo zinaishia figoni, Mdadisi, na kazi yake mojawapo ni kuiamuru figo ishikilie chumvi na itoe renini, kemikali inayochangia kupandisha presha. Kwangu huo ni ushahidi wa figo. Isitoshe, presha inayoshuka kwa tiba hiyo kwa wastani ni milimita chache, na jaribio kubwa la mwaka 2014, ambalo wagonjwa wa upande mmoja walifanyiwa utaratibu wa kuigiza tu, halikuonyesha faida.

#23 Mdadisi

Majaribio yaliyofuata, yaliyotumia vifaa bora, yalionyesha. Nitabaki na neva.

#24 Subira Njema

Swali la haraka. Shangazi alipimwa 185/115 nyumbani akiwa hana shida yoyote, tukapaniki na mtu akashauri atobolewe kidonge cha nifedipini na kuwekewa chini ya ulimi. Tulifanya vizuri?

#25 Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, hilo msilirudie. Kuishusha presha ghafla kwa namna hiyo kunaweza kuunyima ubongo na moyo damu, na watu wamepata kiharusi kwa sababu ya kuokolewa. Namba ikiwa 180/120 au zaidi, akae, atulie dakika tano, apimwe tena. Kama hana dalili yoyote, awasiliane na daktari wake siku hiyohiyo au kesho yake ili dawa zipangwe upya, na presha ishushwe polepole. Kama kuna maumivu ya kifua, pumzi kubana, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea upande mmoja, maneno kutoka vibaya, kuona ukungu au kuchanganyikiwa, huyo ni wa kukimbizwa hospitali dakika ileile, hata kama namba haijafika huko.

#26 Binti wa Kwanza

Wanajamvi, mrejesho mfupi. Tulikwenda kliniki na mashine yetu. Mama alimeza dawa yake ya presha kwa maji, hakumeza diklofenaki tangu siku iliyotangulia, na nilimwomba muuguzi kwa heshima amwache akae kwenye kiti chenye egemeo bila kuulizwa maswali. Mashine ya kliniki ilisoma 146/88, na yetu, mkono uleule wa kulia, ilisoma 143/86. Daktari alilisoma daftari lote, akakubali kusubiri wiki chache kabla ya dawa ya pili, na akaagiza kipimo cha figo. Nashukuru kwa kila mmoja.

#27 Kijana wa Maabara

Hongera. Mashine yenu imefaulu, kwa hiyo hoja kwamba za nyumbani hazina uhakika haimhusu mama. Ila ninaona 146 bado iko juu ya mpaka, ingawa mmeondoa kila mlichotaja. Kwa hiyo hofu ya kliniki ya Msomi imerudi mezani.

#28 Mdadisi

Au presha yake ndivyo ilivyo mchana akitembea huku na huko, na ile 132 ni ya kuketi nyumbani asubuhi. Mashine ya saa 24 aliyovaa Fundi ndiyo ingeamua. Na nikikubali kwa muda mantiki yenu ya hatari, basi hata 132 si ya kupongezwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015, wa watu zaidi ya 9,300, ulionyesha kwamba waliolengwa chini ya 120 walipata matatizo machache ya moyo na vifo vichache kuliko waliolengwa chini ya 140.

#29 Muuguzi Mstaafu

Nafurahi kwamba sasa unadai dawa zaidi kuliko sisi, Mdadisi. Lakini katika utafiti huo walipumzishwa dakika tano na kupimwa kwa mashine inayojiendesha, mara nyingi bila mtu chumbani. Namba 120 ya pale hailingani na 120 ya kliniki yenye foleni. Wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakujumuishwa, na waliolengwa chini walipata zaidi kuzirai na kudhurika kwa figo. Kwa mtu mzima wa umri wa mama ningependa pia apimwe akiwa amesimama: akiinuka kutoka kitini, ndani ya dakika tatu presha ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, kuongeza dawa kunaweza kumwangusha.

#30 Fundi Saa

Dada, nimerudia kusoma bandiko lako la 26 na kuna jambo limenigusa. Umesema kliniki mlipima mkono wa kulia. Je, nyumbani mnapima mkono upi?

#31 Binti wa Kwanza

Kushoto, kaka. Kliniki meza iko upande wa kulia wa mgonjwa, na nyumbani mama hupenda mkono wake wa kulia uwe huru. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna tofauti.

#32 Muuguzi Mstaafu

Tofauti ipo kwa watu wengi, na ikiwa ndogo haina neno. Mpime mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine, kisha rudia kuanzia ule wa pili, kwa siku kadhaa. Mkono unaosoma juu zaidi mara kwa mara ndio wa kutumia daima, nyumbani na kliniki. Tofauti ya presha ya juu ikizidi 10 na kubaki hivyo, mwambie daktari. Ikizidi 15, mwambie mapema, kwa sababu inaweza kuashiria ateri ya upande mmoja imeanza kuziba. Na kama wa kulia ndio ulio juu, basi vipimo vyote vya daftari lako vimekuwa vikisoma pungufu, na wastani wa nyumbani itabidi uanze upya kabla ya hizo wiki chache kwisha.